Risasi Mbili za Kahawa

Inspekta Marjut Tervaniemi alikuwa amekasirika tangu asubuhi, na kadiri alivyosoma ndivyo hasira ilivyozidi kumpanda. Mbele yake, juu ya meza ya kibanda cha chama, yalikuwa maelezo ya wanaume kumi na mmoja. Kila mmoja ametia sahihi yake, na kila mmoja ameandika maneno yaleyale: "Tulifyatua risasi zote kumi na mbili kabla ya kahawa. Mzinga ulikuwa mtupu. Mke wa Veikko alikaa mwenyewe, akakanyaga mwenyewe." Hakuna hata mmoja aliyeandika kwamba hakumbuki vizuri. Watoto wa shule wakiibiana majibu hukosea kidogo makusudi ili wasishikwe, lakini wazee hawa hawakujisumbua hata kwa hilo.

"Wametuona wajinga," alisema.

"Wametuona wageni, bosi," alijibu Konstebo Joni Kiviaho, aliyekuwa anatafuna andazi la iliki lililobaki kwenye sahani. "Huku Hylkeniemi mgeni na mjinga ni kitu kimoja."

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Jumamosi, mchana kweupe, Veikko Ojansuu, fundi bomba mstaafu wa miaka sitini na sita, aliuawa na mzinga wa kutungulia ndege uliotengenezwa kabla yeye hajazaliwa. Chama cha wazee wanaoutunza mzinga huo kilikuwa na kibali cha kuufyatua mara moja kwa mwaka, kuelekea baharini. Veikko alikuwa amesimama kwenye mwamba mbele ya mtutu, hatua ishirini hivi, akimpiga picha mkewe kwa simu. Simu ilizama baharini na wazamiaji hawajaipata. Na mguu uliokanyaga pedali ulikuwa wa mkewe mwenyewe, Irmeli, aliyepewa nafasi ya kukalia kiti kama zawadi ya kutimiza miaka sitini.

Chini ya maelezo yale kumi na moja kulikuwa na karatasi ya kumi na mbili, iliyopigwa chapa vizuri, bila sahihi. "Mimi, Irmeli Ojansuu, nakiri kwamba baada ya mapumziko nilikaa kwenye mzinga bila kuagizwa na mtu, nikasogeza kufuli ya usalama na kukanyaga pedali..." Irmeli angefika saa nane kuisaini. Kapteni Palokangas, mwenyekiti wa chama, alikuwa ameiandaa mwenyewe. Ili kumpunguzia mama wa watu usumbufu, eti.

Marjut aliikunja karatasi ile akaitia mfukoni.

"Joni, maganda yako mangapi?"

"Kumi kwenye sanduku, yamefutwa na kupangwa. La kumi na moja tulilikuta chini ya mzinga. Na risasi moja nzima tuliitoa ndani."

"Jumla kumi na mbili. Sasa waliofuta maganda waliyafuta lini?"

"Wanasema wakati maji ya kahawa yanachemka. Ni desturi yao, jeshi linataka kila ganda lirudi." Joni aliacha kutafuna. "Kwa hiyo kabla ya kahawa yalikuwa kumi."

"Yalikuwa kumi. Watu kumi na moja wenye akili timamu wamehesabu maganda kumi wakaandika kumi na mbili. Niitie Kapteni. Na yule mpakiaji, Sarkola."

Mzinga ulikaa juu ya jukwaa la zege nje ya kibanda, umepakwa rangi ya kijani mpya, mtutu mrefu mwembamba ukielekea baharini. Yrjö Palokangas aliukaribia kama mtu anayemkaribia farasi wake. Alikuwa na miaka sabini na moja, mgongo umenyooka, sauti ya kuzoea kusikilizwa. Nyuma yake alikuja Pentti Sarkola, dereva wa basi mstaafu, mnene, mikono imezama mifukoni. Wanachama wengine walibaki karibu na mlango wa kibanda.

"Nifundishe," Marjut alisema. "Nichukulie sijui kitu."

"Hilo si gumu," alisema Palokangas, na mlangoni mtu akacheka puani.

Marjut alilimeza tusi lile. Alikuwa ameshavumilia matusi makubwa kuliko hilo.

Kapteni akaanza, na hakuna aliyeweza kusema hajui kazi. Watu wawili hukaa vitini, mmoja kila upande wa mtutu. Wa kulia huuzungusha mzinga kushoto na kulia kwa mkono wa chuma. Wa kushoto huuinua na kuushusha, na pedali ya kufyatulia iko chini ya mguu wake. Mpakiaji husimama nyuma, kwenye jukwaa dogo, akishindilia risasi kutoka juu, nne nne, zikiwa zimeshikwa pamoja kwa kibanio cha chuma. Baada ya hapo mzinga unajilisha wenyewe.

"Risasi ikilipuka, mtutu unarudi nyuma," alisema, akipitisha kiganja juu ya chuma. "Kule kurudi ndiko kunakofanya kazi yote. Kunafungua mlango, kunatupa ganda nje, kunakaza springi. Springi inausukuma mtutu mbele, na njiani risasi nyingine inaingia. Mbili kwa sekunde. Hakuna umeme, hakuna mota. Mzinga unakula nguvu zake wenyewe."

"Na mtu aliyekaa kitini anasikia nini?"

Palokangas alimtazama kwa mara ya kwanza kana kwamba swali lilikuwa la maana. "Anasikia kifuani, si masikioni. Masikio yamezibwa. Zege lote linatikisika, mifupa inatikisika, meno yanagongana, kisha harufu ya baruti, kisha moshi unakupitia usoni. Mtu akishuka pale anacheka. Wote hucheka. Nimeona mchungaji wa kanisa akishuka pale anacheka mpaka machozi."

"Wewe umekalia mara ngapi tangu uwe mwenyekiti?"

"Mwenyekiti ndiye kamanda, na kamanda haugusi mzinga," alijibu Palokangas kwa ukavu. "Kamanda anasimama pale." Alionyesha jiwe lililopakwa chokaa, hatua kumi pembeni. "Anatazama mbele, anahakikisha pako wazi, anapaza sauti. Ndiyo sheria."

"Mwaka wa ngapi huu?"

"Wa kumi na mbili."

"Miaka kumi na miwili unawatazama wenzako wanacheka."

Sarkola aliinamisha macho akatazama viatu vyake.

Marjut alitoa kwenye begi kijitabu cha zamani chenye jalada la kitambaa, kitabu cha mafunzo ya mzinga huo alichokipata kwenye rafu ya chama chenyewe, kati ya vikombe na picha za wachezaji wa hoki. "Joni, kaa kushoto. Bwana Sarkola, niwekee risasi bandia. Mbili tu, si nne."

"Mbili?" aliuliza Sarkola.

"Mbili, kwa sababu kumi zilitoka na mbili zikabaki. Au nimekosea hesabu?"

Mlangoni hakuna aliyecheka. Sarkola alimtazama Kapteni, Kapteni alitazama bahari. Basi Sarkola akapanda jukwaani akihema, akaziingiza risasi mbili za mazoezi, akavuta mkono wa pembeni mpaka mzinga ukakazika. Kufuli ya usalama ikafunguliwa.

"Kanyaga," Marjut alimwambia Joni.

Joni alikanyaga. Hakukutokea kitu.

"Kanyaga kwa nguvu."

Joni akakanyaga kwa miguu yote miwili mpaka uso ukamwiva. Mzinga ulinyamaza kimya.

"Umeharibika," alisema Palokangas. "Tangu Jumamosi hauko sawa."

"Uko sawa kabisa. Ukurasa wa thelathini na nne." Marjut hakukifungua kijitabu, alishaumeza ukurasa huo. "Mzinga huu haujimalizi. Ukibaki na risasi mbili unasimama wenyewe, ili mpakiaji akileta nyingine uendelee bila kupoteza muda. Kanyaga pedali mpaka Juhanusi, sikukuu ya katikati ya kiangazi, hautoi kitu. Kuna kilimi kidogo hapo kwenye kisanduku cha kulishia, nyuma. Lazima mtu akiinue kwa kidole, akishikilie, na mwingine akanyage. Watu wawili. Bwana Sarkola, nionyeshe."

"Inspekta..."

"Nionyeshe kilimi, bwana. Umepakia mzinga huu miaka ishirini na tano, usiniambie unakitafuta."

Sarkola alipeleka kidole moja kwa moja, bila kutazama. Alikiinua. Joni akakanyaga, na chuma kikaruka mbele kwa kishindo kilichowafanya wote waliokuwa mlangoni warudi hatua moja.

Marjut aliwageukia. Sasa hakuwa na haja ya kuificha hasira, na hakuificha.

"Kila mmoja wenu anakijua kilimi hiki. Kila mmoja. Mlipoandika kwamba mama huyu alikaa mwenyewe, akakanyaga mwenyewe, mlijua haiwezekani. Mkono wake haufiki huku hata angekuwa na mikono ya mita mbili. Mlijua, mkasaini, mkanywa kahawa. Mnajiita wanaume wa mzinga. Mnamtoa kafara mjane wa Veikko, mwenzenu mliyekaa naye juzi kwenye sauna, bafu lenu la mvuke, ili chama kisifungwe."

"Wataupiga weldi," alisema mzee mmoja kutoka mlangoni, kwa sauti ndogo. "Wakijua habari ya kahawa watauziba mtutu kwa weldi."

"Habari gani ya kahawa?"

Sarkola ndiye aliyeshuka jukwaani akakaa kwenye sanduku la maganda.

"Tunaziacha," alisema. "Zile mbili. Sheria inasema zitolewe kwa mkono mara moja. Sisi tunaziacha ndani, tunafunga kufuli, tunakunywa kahawa, halafu mgeni wa siku anazifyatua moja moja. Tunaziita risasi za kahawa. Baba zetu walifanya hivyo wakati wa vita, maana ndege za adui zilizoea kurudi wakati watu wanakunywa. Sisi tumeendelea tu. Hakuna aliyewahi kuumia."

"Na Jumamosi nani alikuwa amesimama hapo nyuma, kidole kwenye kilimi? Wewe ndiye mpakiaji."

"Mimi nilikuwa nakata keki."

"Kuna aliyekuona?"

"Hakuna," alisema Palokangas kwa haraka. "Pentti, usijibu bila wakili. Inspekta, mpakiaji ndiye mwenye kilimi. Siku zote. Sitaki kumtia mtu hatiani, lakini ndiyo kazi yake."

Uso wa Sarkola uligeuka mwekundu kuanzia shingoni. Marjut aliona jinsi mtu anavyoonekana anapogundua kwamba amebadilishwa zamu: jana ilikuwa zamu ya mjane, leo ni yake.

"Kapteni, Jumamosi uliwapa watu viziba masikio?"

"Wote. Sheria."

"Vile vikubwa?"

"Vikubwa. Ukivivaa hata basi la Pentti hulisikii. Ndiyo maana kamanda anapaza sauti na kushusha bendera."

"Sawa. Jumatatu nilimuuliza Irmeli aliambiwa nini kabla ya kukanyaga. Nimeandika hapa kama alivyosema: 'Alinambia, sasa Irmeli, taratibu.' Nikamuuliza alipaza sauti? Akasema hapana, alisema polepole, kama mtu anayemfundisha mwenzake kuendesha gari. Nikamuuliza ni nani. Akaniambia, kamanda, nani mwingine. Sikuelewa mpaka nilipovaa viziba masikio vyenyewe asubuhi hii. Mtu hawezi kumsemesha mwenziwe taratibu kutoka kwenye jiwe lile la chokaa, Kapteni. Mtu huyo alikuwa amemwinamia begani, nyuma, upande wa kushoto, mahali pa mpakiaji."

"Mama amechanganyikiwa. Amefiwa."

"Pentti," alisema Marjut.

Sarkola alisimama. Hakuwatazama wenzake. Alimtazama Palokangas, na alipoongea sauti ilimtetemeka kwa ghadhabu. "Nilikuwa nakata keki, na wewe unajua. Ulinijia mezani ukaniambia, Pentti, leo niachie nafasi yako, mara moja tu, nataka kuusikia mkononi. Nikakwambia nenda, mzee, umesubiri sana. Nikakuonea huruma. Na ulipokwenda kule nyuma, kwenye jiwe hakusimama mtu. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi siku hizi nne. Nikanyamaza kwa ajili yako, na sasa unanigeuzia mimi?"

"Nilitazama," Palokangas alisema. "Kabla sijapanda nilitazama mbele. Palikuwa wazi."

"Kabla hujapanda," alisema Marjut. "Na ulipokuwa nyuma?"

Mtu anayeshika kilimi kile hutazama kisanduku, uso chini, na mbele yake kuna ngao ya chuma. Hakukuwa na haja ya kumwambia Kapteni hilo.

Gari dogo la bluu liliingia uani kabla ya saa nane. Irmeli Ojansuu alishuka peke yake, amevaa koti jeusi, mkoba ameukumbatia. Tangu Jumamosi alikuwa amekonda kama mtu aliyeugua mwezi mzima. Wazee mlangoni walivua kofia, na Marjut aliona haya kwa niaba yao, kisha haya ikamgeukia hasira tena.

Alimwambia yote palepale, bila kumung'unya maneno, mbele yao. Kwamba mzinga haukuwa mtupu. Kwamba haukuweza kulia kwa mguu wake peke yake. Kwamba aliyeuachilia ni Yrjö, na Yrjö ndiye aliyepaswa kuwa anatazama mbele. Alipomaliza, aliitoa karatasi ile mfukoni akaichana mara mbili.

Irmeli alisikiliza bila kulia. Kisha alimgeukia Palokangas.

"Ulikuja kwangu Jumapili, Yrjö. Nikakupikia kahawa. Ukanishika mkono ukaniambia Veikko amenisamehe."

"Irmeli, mimi nilitaka..."

"Nilikushukuru. Ulipoondoka nilikufungia samaki kwenye gazeti uende naye." Alipumua. "Umemla?"

Palokangas aligeukia mzinga.

"Nimekuuliza, umemla samaki wangu?"

"Nimemla."

Irmeli alitikisa kichwa polepole. Alimgeukia Marjut. "Dada, niambie kitu kimoja, mengine mtajua wenyewe na sheria zenu. Mimi nilicheka. Nilipokanyaga, lile tetemeko liliponiingia kifuani, nilicheka kwa sauti. Sijawahi kufurahi hivyo miaka mingi. Nilikuwa bado nacheka watu walipoanza kukimbia. Usiku nikilala najisikia nikicheka. Ninachotaka kujua ni kama nilipaswa kumwona. Kama ningekuwa makini, badala ya kuchekacheka kama msichana, ningemwona?"

Marjut angeweza kumfariji. Lakini mama huyu alikuwa amefarijiwa vya kutosha na waongo, na maneno matupu yangekuwa tusi. "Joni," alisema. "Nenda ukasimame kwenye ule mwamba. Palepale penye alama, aliposimama Veikko."

Joni alishuka, akapita mbele ya mtutu, akapanda mwamba. Marjut alimshika Irmeli kiwiko akampandisha kitini upande wa kushoto, mahali pake pa Jumamosi. Mwili wa mama ulikakamaa alipokaa. Miguu aliiweka mbali kabisa na pedali.

"Tazama mbele kupitia kilenga shabaha. Unaona nini?"

"Bahari." Alisogeza kichwa kulia, kushoto, akajiinua kidogo, akakaa. "Ngao. Kipande cha mtutu. Bahari."

"Joni amesimama pale sasa hivi. Hatua ishirini."

"Simwoni."

"Tafuta. Chukua muda."

Irmeli alitafuta. Alitafuta kama mtu aliyepoteza pete, akiinama na kunyoosha shingo, na Marjut alimwacha. Wazee kumi na mmoja walisimama wakimtazama. Mwishowe mama akaweka mikono yote miwili juu ya chuma.

"Simwoni," alisema, na hapo ndipo alipolia, kifupi, akajifuta kwa kiganja.

Kisha akashuka mwenyewe. Hakurudi kwenye gari. Alitembea hatua kumi mpaka kwenye jiwe la chokaa, akasimama juu yake, akageukia bahari. Kutoka pale Joni alionekana mzima, kuanzia kofia mpaka viatu, upepo ukimpeperusha koti. Irmeli alimtazama kwa muda mrefu.

"Yrjö," aliita. "Njoo hapa."

Palokangas hakusogea.

"Njoo usimame mahali pako."

Sarkola alimwambia kwa sauti nzito, "Nenda." Kapteni alianza kutembea. Mgongo wake haukuwa umenyooka tena, na zile hatua kumi zilimchukua muda. Irmeli alishuka jiweni akampisha, akasimama kando yake, bega karibu na bega, kama watu wanaosubiri basi.

"Tazama mbele. Unamwona?"

Midomo ya Palokangas ilitikisika bila kutoa sauti.

"Sisikii."

"Namwona," alisema Kapteni.

"Mwandikie hivyo, Inspekta," alisema Irmeli. "Andika na saa."

Marjut alitoa kalamu akaandika. Kule mwambani Joni, ambaye hakusikia neno hata moja, aliona watu wawili wanamtazama, akadhani wanamhitaji, akainua mkono.